Safari ya Gisenyi hadi Uwanja wa Kanombe: Tuihesabu Vipi?

Msomaji atatuuliza: mchuma chai wa Pfunda na uwanja wa ndege, wapi na wapi? Ni swali la haki. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani hawapandi ndege kila mwezi, na wengi wetu hatujaipanda hata mara moja. Lakini kwenda uwanjani tunakwenda. Kijana wa jirani amepata mkataba wa kazi Oman au Dubai, anasindikizwa. Mgonjwa anapelekwa India kutibiwa. Ndugu aliyekaa Ubelgiji miaka kumi anarudi kuwaona wazee. Maiti inaletwa kuzikwa nyumbani. Mjumbe wa wafanyakazi anatumwa kwenye semina Nairobi. Aidha, tangu Januari 2025, vita vilipofika Goma na uwanja wa ndege wa huko ukafungwa, jirani zetu wa ng'ambo nao wamekuwa wakipita hapa kwetu kwenda kupanda ndege Kigali.

Gisenyi yenyewe ina kiwanja kidogo, lakini hakina ndege za abiria zinazokwenda kwa ratiba. Kwa hiyo safari ya ndege ya mtu wa Rubavu huanza kwa basi, na huanza kilomita kama 155 kabla ya Kigali. Hapo ndipo hasara hutokea. Tiketi ya bei nafuu aghalabu hairudishiwi fedha. Mtu akichelewa dakika kumi tu anaweza kupoteza akiba ya miezi mingi, na kijana wa mkataba anaweza kukuta nafasi yake amepewa mwingine. Kwa mwenye mali huo ni usumbufu. Kwa sisi ni deni la kulipa mpaka mwaka ujao.

Wengi husema: "Tulikwama kwenye foleni, bahati mbaya." Sisi tunaona kwamba bahati haihusiki sana hapa. Foleni ina tabia yake, na mfanyakazi anaweza kuielewa vizuri kuliko mtu mwingine, maana anaiona kila siku kazini.

Tuangalie mizani ya chai. Tuseme mizani inapima kikapu kimoja kwa dakika moja, yaani vikapu 60 kwa saa. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi wachumaji wanaleta vikapu 90. Ifikapo saa nne, vikapu 60 vimepimwa na 30 vinangoja. Sasa kati ya saa nne na saa tano vinaletwa vikapu 60 tu, kiasi kile kile ambacho mizani inakiweza. Je, foleni imekwisha? Haijakwisha hata kidogo. Vile 30 bado viko mbele, na kila mchumaji anayefika anangoja nusu saa, ingawa wingi wa watu umekwisha kupita zamani. Foleni itapungua tu wakianza kuja watu wachache kuliko uwezo wa mizani. Na yule aliyefika saa tatu kasoro dakika tano, je? Huyo hakungoja. Alipima, akarudi shambani.

Njia panda ya mjini ni mizani. Inapitisha magari kadhaa kwa dakika, haiongezi. Ndiyo maana msongamano wa Kigali haukomi pale watu wanapokuwa wameshaingia ofisini, bali huendelea muda mrefu baadaye. Ndiyo maana pia kutangulia kwa dakika ishirini kunaweza kukuokolea saa nzima, na kuchelewa kwa dakika ishirini kukakugharimu saa hiyo hiyo.

Basi, tuifuate barabara yenyewe.

Kutoka Gisenyi tunapita Mahoko, Bigogwe, Mukamira, tunafika Musanze, kisha Gakenke, Base na Shyorongi, halafu tunateremka Kigali. Sehemu hii haina msongamano wa mjini, lakini ina mwendo wake usiobishika. Amri ya Rais ya Februari 2015 iliagiza mabasi ya abiria na malori yafungwe kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa. Gawa 155 kwa 60: unapata saa mbili na dakika 35, na hapo basi halijasimama hata mara moja, halijashusha abiria Musanze, wala halijakwama nyuma ya lori la mafuta linalopanda Buranga kwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo dereva au karani wa tiketi akikuambia "saa mbili na nusu tu, mzee", mshukuru, lakini usimwamini. Hesabu saa tatu na nusu. Wala kumsihi dereva akimbize hakufai kitu: kuna kifaa, kuna askari, na kuna zile kamera ambazo sote tumezizoea kwa jina la Sofia. Tena barabara ile ni ya milima na kona. Abiria wa basi ndio wa kwanza kufaidika na mwendo mdogo.

Mizani ya kwanza iko mwisho wa mteremko, pale Giti cy'Inyoni. Jina hilo maana yake ni mti wa ndege (ndege wa porini, si wale wa Kanombe). Hapo magari yetu ya kaskazini yanakutana na magari yote yanayotoka Muhanga na kusini, na yote yanaelekea mlango mmoja wa Nyabugogo. Nyabugogo ndiyo gare kubwa ya nchi. Mabasi ya mikoani yanaishia hapo, na abiria anashuka na mizigo yake kutafuta usafiri wa pili.

Wageni wa Kigali hufikiri kwamba wakishafika Nyabugogo wamefika. La. Uwanja wa Kanombe uko upande wa pili kabisa wa jiji, mashariki, nanyi mmeingia kwa magharibi. Kuna njia mbili za kawaida. Moja inapita Kinamba, Kacyiru, Kimihurura, Gishushu na Remera. Ya pili inapanda mjini, inateremka Kanogo, inapita Rwandex na Sonatube. Madereva hubishana ipi ni bora, na ubishi huo hautakwisha leo, kwa kuwa zote mbili zinakutana Giporoso, karibu na uwanja. Kwa hiyo mtu wa Gisenyi ana mizani mbili asizoweza kuzikwepa, Nyabugogo na Giporoso, na katikati ana vilima na mataa.

Saa mbaya zinajulikana: asubuhi kuanzia saa moja hadi saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Tangu Januari 2023 serikali ilipopanga saa rasmi za kazi kuanza saa tatu asubuhi, na wanafunzi kuanza saa mbili na nusu, watu hawatoki wote kwa mara moja kama zamani; lakini mkumbukeni yule mchumaji wa saa nne.

Sasa hesabu yenyewe. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuhesabu kuanzia saa ya kuondoka nyumbani kwenda mbele. Inafaa kuhesabu kinyumenyume, tena si kuanzia saa ya ndege kuruka. Makampuni mengi hufunga meza ya kupokea abiria saa moja kabla. Baada ya hapo ndege bado utaiona uwanjani, imesimama, na hutaipanda. Tena pale Kanombe kuna ukaguzi kabla hujafika kwenye jengo la abiria, na watu hushuka garini pamoja na mizigo yao. Hiyo nayo ni foleni.

Tuchukue ndege ya saa tisa alasiri. Meza inafungwa saa nane. Kuwa kwenye lango la uwanja saa sita mchana. Kuvuka jiji kutoka Nyabugogo, weka saa moja na nusu: basi uwe Nyabugogo saa nne na nusu. Safari ya barabara saa tatu na nusu, na saa moja ya akiba kwa gurudumu lililopasuka au lori lililolala barabarani. Unaondoka Gisenyi saa kumi na mbili asubuhi. Ndugu zako watakucheka kwamba unakwenda kulala uwanjani. Waache wacheke.

Ndege za usiku ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza ni saa iliyoandikwa. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, kuanzia usiku wa manane. Ikiwa imeandikwa 01:30, hiyo ni saa saba na nusu ya usiku. Na tarehe inabadilika saa sita usiku: ndege ya 01:30 ya tarehe 12 inaruka usiku ule ambao sisi tunauita usiku wa tarehe 11. Mtu akijiandaa kuondoka nyumbani tarehe 12 mchana, ndege imekwisha kufika Ulaya. Mpe tiketi mtu anayejua aisome, na mwandike saa na siku kwa Kiswahili au Kinyarwanda kwenye karatasi. Anayepokea mgeni kutoka Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam akumbuke pia kwamba saa za huko zimetangulia zetu kwa saa moja. Goma na sisi saa ni moja.

Sababu ya pili ni mahali pa kungojea. Mwenye ndege ya saa saba na nusu usiku husema: nina siku nzima, nitaondoka Gisenyi saa nane mchana. Saa nane ukiongeza saa tatu na nusu ni saa kumi na moja na nusu, yaani anaingia Giti cy'Inyoni pamoja na jiji zima linalorudi nyumbani. Angeondoka saa sita mchana, angefika Nyabugogo yapata saa tisa na nusu, angevuka hadi Remera kabla ya watu kutoka kazini, kisha angekaa kwa jamaa au kwenye kibanda cha chai, akingoja bila wasiwasi. Muda wa kungoja ni ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja anangoja akiwa bado hajavuka msongamano, na mwingine anangoja akiwa ameshauvuka. Kati ya yote tunayoyaandika hapa, hili ndilo tungependa msomaji alishike: vuka kwanza, ngoja baadaye.

Kuhusu usafiri wa kutoka Nyabugogo: basi la mjini ndilo rahisi kwa bei, lakini hulipiwa kwa kadi, na mtu wa mikoani asiye na kadi hupoteza dakika kumi akihangaika. Tena begi kubwa halina nafasi wakati basi limejaa. Pikipiki hupenya foleni vizuri, ila inachukua abiria mmoja tu, na sanduku la kilo 23 haliendi juu ya pikipiki. Atakayekuambia linakwenda, muulize nani atalipa likianguka. Mwenye mizigo na watoto afadhali achukue teksi, apatane bei kabla ya kupanda, na gharama hiyo aiweke kwenye hesabu tangu nyumbani. Wakati mwingine njia nzuri ni kugawana kazi: mizigo na mzee mmoja ndani ya teksi mapema, msafiri mwenyewe aliyechelewa na pasipoti yake juu ya pikipiki.

Hapa turuhusiwe kusema neno kuhusu wasindikizaji. Ni desturi yetu kukodi basi dogo na kwenda watu kumi na wanane kumwaga kijana mmoja. Desturi ni nzuri, machozi ni yake. Lakini basi la watu kumi na wanane haliondoki saa kumi na mbili. Huondoka saa mbili, kwa sababu shangazi mmoja hajafika na mwingine amerudi kuchukua kitenge. Tumeona familia zikimwaga msafiri nyumbani jioni, kwa sala na chakula, kisha alfajiri anaondoka na watu wawili tu. Fedha za gari zinazobaki anapewa msafiri mkononi.

Kuna siku ambazo hesabu ya kawaida haifai. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Kwa kawaida mwenye tiketi ya ndege anaruhusiwa kupita akiionyesha, lakini mabasi ya abiria hayaendi. Ruhusa bila gari haikufikishi Kanombe. Siku hiyo ama uwe umeshaondoka alfajiri, ama uwe umelala Kigali tangu Ijumaa. Jumapili mbili za mwezi baadhi ya barabara kubwa za Kigali hufungwa asubuhi kwa ajili ya watu kufanya mazoezi. Jambo hili lilianza 2016. Mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda hufika hapa Rubavu karibu kila mwaka, na barabara yetu husimama kwa saa kadhaa. Mikutano mikubwa ni vivyo hivyo: Juni 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Kigali, na kati ya tarehe 21 na 28 Septemba 2025 yalifanyika huko mashindano ya dunia ya baiskeli, barabara nyingi zikafungwa mchana. Mambo haya hutangazwa redioni siku kadhaa kabla. Anayesafiri wiki hiyo asikilize, na asitegemee kusimuliwa.

Masika ni habari nyingine, na si ya kufanyia mzaha. Mei 2016 maporomoko ya udongo yaliua watu wengi Gakenke na kuifunga barabara ya Musanze. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika hapa hapa kwetu. Nchini kote walikufa watu zaidi ya 130, na wengi wa wasomaji wetu wanajua majina. Kati ya Machi na Mei mwenye safari ya lazima asiondoke siku ile ile ya ndege. Aondoke siku moja kabla. Barabara ikikatika Gakenke, kuna njia ya kutoka Mukamira kupitia Ngororero hadi Muhanga. Ikikatika karibu na Mahoko, kuna ile ya kando ya ziwa kupitia Rutsiro na Karongi, nayo humalizikia Muhanga. Zote mbili ni za lami, ni ndefu zaidi, na zote zinakuleta Giti cy'Inyoni. Mizani ile haikwepeki.

Kwa wenzetu wanaotoka Goma, mpaka ni foleni ya kwanza kabla ya zote. Barieri ndogo huvukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku, na saa zake zimebadilishwa mara nyingi. Mathalan Juni 2022 upande wa pili ulianza kufunga saa tisa alasiri. Mwenye ndege avuke jana yake, alale Gisenyi.

Wakati wa kurudi watu hulegea, kwa kuwa hakuna ndege ya kuwaacha. Lakini kuna zamu. Ndege ikitua saa kumi na moja jioni, abiria hutoka na mizigo yake karibu saa kumi na mbili, akaingia katikati ya msongamano wa Giporoso. Akifika Nyabugogo saa mbili usiku, mabasi ya Gisenyi ni haba au yamejaa. Asimwahidi msimamizi kwamba kesho saa moja atakuwa kazini. Afadhali alale Remera, apande basi la alfajiri, na siku hiyo aiombe mapema, kwa maandishi, kama sehemu ya likizo yake. Sheria ya kazi ya 2018 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka siku 18 za kazi za likizo yenye malipo. Siku moja ya likizo iliyoombwa kabla ni kitu kimoja. Siku moja ya utoro ni kitu kingine, na kwenye daftari la karani hakuna safu ya kuandika "foleni".

Miji ya jirani imejaribu dawa ya barabara mpya. Uganda ilifungua barabara ya haraka ya Kampala hadi Entebbe 2018, na tangu Januari 2022 magari hulipa kupita. Nairobi ina barabara ya juu ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, nayo ni ya kulipia. Mwenye gari lake huenda uwanjani juu kwa juu, na abiria wa matatu hubaki chini kwenye foleni. Dar es Salaam walijenga daraja la juu pale Tazara, kwenye barabara ya kwenda uwanjani, likafunguliwa 2018, na hilo halina malipo. Tofauti hii inafaa kuangaliwa na sisi pia.

Maana uwanja wa Kanombe hautabaki peke yake. Kiwanja kipya kinajengwa Bugesera, kusini-mashariki ya Kigali, ng'ambo ya mto Nyabarongo; ujenzi ulianza 2017, na 2019 Qatar Airways iliafikiana na serikali kuchukua hisa 60 kwa mia. Ndege za kimataifa zikihamia huko, mtu wa Gisenyi atavuka Kigali yote kisha aendelee na safari, na saa kumi na mbili asubuhi haitamtosha. Kinachotuhusu ni kama kutakuwa na basi la moja kwa moja kutoka Nyabugogo hadi kiwanja hicho, kwa nauli gani, na kuanzia saa ngapi za usiku. Wajumbe wetu wanaokutana na wakuu wa usafiri waanze kuliuliza hilo sasa, kabla ratiba hazijaandikwa.